Miguu ni Mwisho

Juzi, huku mtaani Langoni, niliona beseni la plastiki limeegemezwa mlangoni, linanuka sabuni ya ndimu. Harufu ile ikanirudisha utotoni, kijijini Kizingitini, kwenye uwanja wa shule yetu.

Wageni walikuwa Wakristo kutoka bara, vijana wenye fulana za manjano, waliokuja kwa siku tatu kutugawia viatu. Tuliketi kwenye madawati, na kila mtoto alikuwa na mgeni aliyepiga magoti mbele yake na beseni. Wangu alikuwa dada mmoja mwenye mikono laini. Aliushika mguu wangu, tena wa kushoto, akaanza kuuosha taratibu.

Nilijua huo ni udhu, wa kuswalia. Lakini mbona anaanzia huko?

“Bi, hiyo siyo ndia yake,” nikamwambia. “Miguu ni mwisho.”

Mwanaisha, rafiki yangu, akanifinya. “Nyamaza, utakosa viatu!”

Nilivitaka sana viatu vile. Lakini niliona haya kumwacha mtu mzima akosee mbele ya watoto. Nikamwonyesha: viganja, mdomo, pua, uso, mikono, kichwa. Alifuata kila kitu, maji yakimchuruzika kidevuni, akiniuliza, “Halafu?” Tulipofika miguuni, nikamwosha mimi.

Leo najua kwamba kwao, kumwosha mtu miguu ni kumwambia, mimi ni mtumishi wako. Siku ile nilikimbia nyumbani, viatu vipya mkononi, nikamweleza mama kwamba wamekuja watu wazima wasiojua kutawadha, maskini, na mmoja nimemsaidia.