Nebula Isiyotazamwa Usoni

Mimi ni mtu wa kununa, mke wangu hatanibishia, na katika miaka hii ya karibuni hakuna kilichoninunisha kama taa za Dodoma. Serikali ilipohamia kwetu, wenzangu walifurahia barabara na viwanja kupanda bei. Mimi niliangalia juu. Kila ghorofa jipya lilikuja na taa zake, kila kituo cha mafuta kikawaka kana kwamba kuna harusi, na anga la nyumbani likafifia mwaka hadi mwaka. Nilikuwa mwalimu wa hisabati, sasa nimestaafu, na starehe yangu pekee ni darubini. Mtu wa aina hiyo akiona taa mpya inafungwa mtaani, huhisi ameibiwa.

Katika vitu vyote vya angani nilivyowahi kuvitafuta, nilikipenda kimoja kuliko vingine. Ni nebula moja hafifu ambayo kwetu hupanda karibu na utosi jioni za Septemba na Oktoba. Wataalamu huiita nebula ya sayari, jina la kupotosha, maana haihusiani na sayari hata kidogo. Ilikuwa nyota kama jua letu. Ikazeeka, ikajivua tabaka zake za nje, na ile hewa iliyotoka bado inasambaa mpaka leo. Kwenye picha za mtandaoni utaiona nyekundu na buluu. Kwenye darubini ya mtu kama mimi ni ukungu wa kijivu tu, duara pana lenye mwanga kidogo mno. Ukiikodolea macho, haipo. Inabidi uelekeze jicho pembeni kidogo, kama mtu anayejifanya hana haja nayo, ndipo inajitokeza, kwa sababu sehemu za pembeni za jicho ndizo zinazoshika mwanga hafifu. Ukifurahi ukageuka kuitazama usoni, imeshaondoka.

Jambo hili nilijifunza pamoja na rafiki yangu mwenye duka la vitambaa mjini. Ukoo wake una asili ya Kihindi na wamekaa Dodoma tangu enzi za babu zake. Kigogo chake ni kizuri kuliko changu. Mimi namwita tajiri, kumchokoza, naye ananiita mwalimu, na nadhani naye ananichokoza. Darubini yake ni ndogo. Yangu ina kioo kipana kama sinia la wali, na kwa miaka mingi nilimtambia kwa hilo bila aibu.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Mmoja akiwa kwenye darubini, mwingine hafungui mdomo. Kila mtu anachora anachokiona kwenye karatasi yake, tumepeana migongo, kisha tunalinganisha. Sababu ni kwamba jicho lenye hamu huona hata kisichokuwepo, na mwenzako akikuambia "ipo kushoto", basi hata wewe utaiona kushoto. Hakuna kusema umeona usichokiona. Tajiri analichukulia jambo hilo karibu sawa na dini yake.

Sasa, mwaka jana mwanzoni mwa Septemba, nebula ilinipotea. Nilitoa darubini uani baada ya chakula cha jioni, nikaielekeza mahali ninapopajua kama njia ya kwenda chooni, na hapakuwa na kitu. Nikalaumu taa. Siku nyingine umeme ulikatika mtaa mzima, nikatoka mbio na darubini kwa furaha, na bado hapakuwa na kitu. Nikalaumu vumbi, miezi hiyo upepo wa Dodoma hukupakulia mchanga hadi kwenye ugali. Nikafungua darubini, nikakiosha kioo kwa maji safi ya kujazia betri na pamba, taratibu kama namwogesha mtoto mchanga. Kikang'aa. Hapakuwa na kitu.

Katika siku hizohizo nilikuwa nagonga vitu. Nilipiga ndoo teke koridoni, nikamwaga chai iliyokuwa karibu na kiwiko changu. Mke wangu alisema, "Mzee, siku hizi unatembea kama uko nyumba ya watu." Nikamjibu kwamba kwangu vitu vinahamahama. Kwenye mzunguko wa barabara nusura nimgonge mtu wa bodaboda aliyetokea ubavuni, nikamtukana kimoyomoyo hadi nyumbani. Kwa kuwa kila mtu analaumu bodaboda, hakuna aliyenihoji.

Nilichoamua ni kwenda kwenye giza. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, analima alizeti na mahindi Mlali, na shambani kwake bado usiku ni usiku. Tukaenda na tajiri kwa gari lake, darubini mbili zimelazwa nyuma juu ya magodoro. Baada ya yeye kuswali Isha tukazipanga kwenye uwanja wa kupuria. Njia ya maziwa, ule mkanda wa nyota, ilikuwa nyeupe tangu upande mmoja wa shamba hadi mwingine. Nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nilijiambia leo nitaipata.

Nikainama. Nyota zilikuwepo, kali na safi. Nikatazama pembeni, juu, chini, nikavuta pumzi, nikagonga bomba la darubini kidogo kwa kidole, maana kitu hafifu kikitikisika huonekana upesi. Nyuma yangu nikasikia penseli ya tajiri ikikwaruza karatasi. Alikuwa anachora, na alichora kwa muda mrefu.

"Mwalimu, umemaliza?"

"Bado."

Akasubiri. Karatasi yangu ilikuwa nyeupe, sikuwa nimeweka hata nukta.

"Tajiri," nikasema mwishowe, "njoo uniangalizie hii darubini. Nadhani kioo nimekirudisha vibaya."

Akaja, akainama pale nilipokuwa. Aliangalia muda mrefu kuliko nilivyotaka. Alipoinuka hakunitania.

"Kioo chako hakina tatizo," akasema kwa sauti ya chini. "Ipo hapo katikati, duara zima. Kwako ni nzuri kuliko kwangu."

Kwanza nilikasirika. Nilitaka kumwambia jicho lake lina hamu. Lakini namjua, hasemi asichokiona. Kisha niliogopa, na sina namna nyingine ya kulisema hilo. Nilisimama katikati ya giza safi kuliko yote niliyowahi kuyapata, na kwa mara ya kwanza sikuwa na kitu cha kulaumu.

Tulipokuwa tunarudi, aliongea mara moja tu: "Kesho nafunga duka. Nakupeleka hospitali ya macho."

Niliomba iwe ni mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hutolewa. Nawajua wazee waliotolewa wakarudi kusoma Biblia. Daktari, binti wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho, alinipa shikamoo, akanipima, kisha akanikalisha mbele ya mashine iliyo kama bakuli jeupe. Nilitakiwa nikodolee nukta ya katikati, na kila taa ndogo ikiwaka pembeni nibonyeze kitufe. Nikakodoa. Taa chache ziliwaka karibu na nukta, nikabonyeza. Kisha kikawa kimya kirefu. Nikamwambia, "Daktari, mashine yako imekwama."

"Haijakwama, mzee. Endelea tu kutazama katikati."

Nikaelewa pale pale, kabla hajaniambia. Taa zilikuwa zinawaka muda wote.

Ni presha ya macho. Haiumi, haiwashi, na huanza kula pembeni. Katikati huachwa hadi mwisho, ndiyo maana gazeti nilikuwa nasoma vizuri na kujiona mzima. Kilichokwenda hakirudi. Nitatia matone kila siku maisha yangu yote ili kulinda kilichobaki, na gari nimeambiwa niache. Daktari alipokuwa anaandika dawa akauliza kama nina watoto. Nikasema ninaye mmoja, wa kike. Akasema ugonjwa huu hutembea kwenye damu na binti yangu apimwe mapema, maana ukiwahiwa hautapata nafasi ya kula kama ulivyokula kwangu.

Binti yangu ni mhasibu, anafanya kazi Kondoa. Nilimpigia jioni ileile. "Baba, mimi naona vizuri," akasema. "Nasoma meseji bila miwani." Nikamwambia hata mimi nasoma. Akasema atapima mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi akasema ofisini wanafunga hesabu. Simlaumu, ana maisha yake, lakini usingizi wangu uliharibika. Nikiwa kitandani nilikuwa nafumba jicho moja moja na kumuwaza yeye.

Oktoba ilipokaribia kuisha akaja kutusalimu, na kwa kuwa alitaka pia kumwona mjomba wake, tukaenda Mlali wote. Tajiri aliendesha. Nilizibeba darubini kwa mazoea tu. Darubini si kipimo cha macho, na mtu asiyezoea karibu hakosi kuikosa nebula ile siku ya kwanza. Hayo yote nayajua. Nilichotaka ni mtu wa damu yangu aione, kwa kuwa mimi sitaiona tena.

Tajiri ndiye aliyeitafuta kwenye darubini yangu, akaiweka katikati, akasogea pembeni. Binti yangu akakusanya kanga yake, akainama.

"Naona nyota tu, baba. Chache."

"Ipo moja hafifu kuliko zote?"

"Ipo. Ndogo sana."

"Shika hiyo. Usiitazame yenyewe, tazama pembeni yake kidogo. Itang'aa zaidi, halafu karibu yake utaona kama moshi."

Shemeji yangu alikuwa anakohoa ndani ya nyumba.

"Inapotea," akasema.

Kila jicho lina kadoa kasikoona, hata jicho zima kabisa, na mtu akigeuza upande usiofaa nyota huangukia hapo. Nilijikumbusha hilo haraka. Nikamwambia atazame upande wa pili, kisha juu, kisha chini, taratibu, bila haraka. Akafanya kila nilichomwambia, mtiifu kama alipokuwa mdogo.

"Upande wowote nikigeuza inapotea, baba," akasema, jicho bado likiwa kwenye darubini. "Ndivyo inavyotakiwa?"

Tajiri alikuwa amesimama karibu nami, na nilijua anasubiri nitakachojibu.

"Hapana, mwanangu," nikasema.