Daftari Tatu za Asumani

Kama kuna mtu mjini Kindu, huko Kongo, aliyeijua lugha yake mpaka kwenye mifupa, basi ni Asumani bin Kasimu. Baba yake alimtia chuo cha Kurani angali mdogo, akajua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa kupendeza macho. Watu walimwita mwalimu, lakini mwalimu wa mkeka na vumbi. Yeye alitaka darasa lenye ubao, katika shule mpya ya watoto wa wafanyakazi wa reli.

Akaja Bwana Édouard, mzungu aliyetumwa kutunga kitabu cha kuwafundishia wenziwe Kiswahili. Miaka miwili mizima Asumani alikaa naye barazani kila asubuhi. Kilichomtesa yule bwana ni vile vitenzi vidogo vya kuunganisha: ni, iko, na njo, yaani "ndiyo" ya watu wa Kindu. Asumani akamweleza kwa subira kwamba "ni" halipiki wala halilimi; kazi yake ni kumshika mtu huku na kile alicho kule, na ukiliondoa, sentensi imebomoka. Akajaza mifano daftari tatu; yeye akisoma, mzungu akinakili kwa herufi zake za Kizungu. Mfano wa kwanza ulikuwa "Asumani ni mwalimu." Bwana akacheka, akaahidi kwamba kitabu kikiisha, kazi ya shuleni ni yake. Ahadi ni deni, walisema wahenga. Wahenga hawakufanya kazi na wazungu.

Kitabu kikaisha. Asumani akavaa kanzu aliyopigiwa pasi na mkewe Mwanvua, akaenda ofisini kuandikishwa. Wakampa karatasi atie sahihi. Masikini, akatia kama alivyotia maisha yake yote, kutoka kulia kwenda kushoto. Karani akaitazama, akaikata kwa mstari, akamkamata kidole gumba kama cha mwizi na kukichovya katika wino. Pembeni akaandika: hajui kusoma wala kuandika. Bwana Édouard alikuwa papo hapo. Akajifanya anatafuta kofia yake.

Kazi akapewa Ferdinand, kijana aliyesomea misheni, aliyekisoma kitabu kilekile. Asumani akapewa ufagio. Akaupokea, maana hasira haipikwi watoto wakala.

Asubuhi moja, akifagia chini ya dirisha, akasikia darasa zima likisoma ubaoni kwa sauti: "Asumani ni mwalimu. Asumani ni mwalimu." Mtoto mmoja akauliza huyo ni Asumani gani.

"Hakuna muntu," Ferdinand akamjibu. "Njo mufano tu."

Asumani akainama, akaendelea kufagia.