Fundo la Turubai

Wiki ya pili mfunga maturubai alikuwa akishinda nyumbani mchana kweupe, na majirani wa mtaa wa Chapwa, mpakani, walishaamua kwamba kibarua kimeota nyasi. Jenista, wa nyumba ya pili, akabeba unga wa kumpa pole. Alimkuta uani amevaa fulana yake ya reflekta ya njano ya kampuni, anaanika nepi. Vidole vyake vinene, vilivyozoea kukaza kamba juu ya malori, vilifunga kila nepi kwa fundo lilelile la turubai, kisha vikalivuta mara mbili, utadhani nepi zinavuka kwenda Zambia.

"Pole, shemeji. Mungu atafungua mlango mwingine."

Mwanamume akacheka mpaka kamba ikatikisika. "Nani kafukuzwa? Niko kazini, dada! Kampuni imenipa mwezi mzima nilee mtoto, na mshahara unaingia kama kawaida! Hata hospitali, bima imelipa!"

Ndani kichanga kikalia.

"Bosi ananiita!" Akaruka beseni, mikono ikichuruzika maji.

Jenista alirudi mbio na unga wake, akaanza kumwita mumewe tangu njiani. "Baba Felix! Kesho ukajifunze kufunga maturubai!"