Mrija wa Nane

Kwenye vilima vya Masisi hakuna anayekunywa pombe kabla mwenye kuipika hajaionja mbele ya watu. Anachomeka mrija wake wa tete ndani ya mtungi, anavuta mara moja, anameza, kisha anawatazama watu usoni. Hapo wengine nao wanachomeka ya kwao. Nyirakamana wa Kingi alifanya hivyo kwa miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwuliza maoni yake juu ya jambo lolote, isipokuwa kama mtama ulikuwa umechacha vizuri.

Upishi wa pombe aliuanza kwa lazima. Mwaka 1943, Wazungu wakipigana kwao, Serikali ilitaka mpira wa msituni. Askari alikuja na karatasi, akasimama kwenye uwanja wa chifu, akasoma majina. Aliyesikia jina lake aliinua mkono, akapelekwa upande wa kulia, na upande wa kulia ulikuwa njia ya Walikale, kwenye msitu wa mpira. Mume wake Viateur aliinua mkono. Alirudi baada ya misimu miwili ya mvua, mbavu zikihesabika, na kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka kilipomzika mwaka 1946. Serikali ya siku zile haikuwa na mdomo wa kuuliza. Ilikuwa na mdomo wa kuita tu.

Alibaki na binti mmoja, Daphrose, na shamba lililomshinda. Kwa hiyo alipika pombe ya mtama kwa wazee wa chifu walipokutana, na wazee wakatuma watu wamlimie maharage yake. Mpango huo ulimfaa kila mtu. Daphrose alikua, akaolewa Muheto, ng'ambo ya mto Nyakagezi.

Mto wenyewe ni mdogo. Wakati wa kiangazi mbuzi anauruka. Mvua ikianza unakuja na mawe na miti, na magogo mawili yaliyolazwa hapo kwa kuvukia yanakwenda nao kila mwaka. Mwezi wa nne wa 1955 Daphrose alishikwa na uchungu akiwa Muheto. Mume wake na jirani zake wakambeba hadi ukingoni, maana dispanseri iko upande wa Kingi. Wakasimama pale. Nyirakamana naye alisimama ng'ambo ya pili, hatua kumi na tano kutoka kwa binti yake, akamwona akijifungua juu ya majani yaliyolowa. Mtoto hakulia. Kelele za maji zilikuwa kubwa kiasi kwamba Nyirakamana hakujua kama hakulia au yeye ndiye hakusikia, mpaka alipomwona mkwe wake akivua koti na kulifunika lile furushi dogo, uso na yote.

Mwishoni mwa 1957 Daphrose alikuwa na mimba nyingine. Mtoto alitazamiwa mwezi wa tatu, mvua kubwa zinaporudi.

Mwaka huohuo ilikuja sheria mpya ya mabaraza. Nimeyaona mabaraza ya namna hiyo katika miji kadhaa, yenye meza za kung'aa na watu waliovaa tai. Lile la Kingi lilikaa kwenye nyumba ya nyasi, wajumbe saba kwenye mabenchi mawili, chifu kwenye kiti chake, na sekretere mmoja, Édouard, mtu wa miaka thelathini aliyesoma kwa mapadri na aliyeheshimu karatasi kama wengine wanavyoheshimu radi. Zamani chifu aliamua na wazee walikubali. Sasa wajumbe walitakiwa kuamua wenyewe, na uamuzi wao uandikwe upelekwe Masisi, kwenye ofisi ya teritwari, yaani wilaya.

Jambo la kwanza lililoletwa mbele yao lilikuwa kilalo, ndivyo wanavyoliita daraja huku. Ofisi ilikuwa na mbao nene na vyuma vya kutosha kilalo kimoja. Vilima viwili vilikuwa vimekiomba, Kingi na kimoja cha upande wa Rubaya. Baraza la Kingi likikubali kutoa watu wa kazi, na ripoti ikifika Masisi kabla Jumamosi haijaisha, mbao ni zao. La sivyo zinakwenda Rubaya.

Walizungumza tangu asubuhi. Mbonigaba, mkulima, mkubwa wao kwa umri, alitaka kilalo hata jana. Makuza, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, alilalamika kwamba kazi ya kubeba mawe itawaangukia wachungaji wake, kisha akalainika. Ndipo Édouard aliposimama.

"Sasa tunapiga kura. Mwenye kukubali, anyoshe mukono."

Hakuna aliyenyoosha. Wajumbe saba walitazama vidole vya miguu yao. Édouard alirudia, akaongeza kwa Kifaransa, ikawa vibaya zaidi. Alingoja kidogo, akainama, akaandika.

Nyirakamana alikuwa amekaa karibu na mlango na mtungi wake. Aliona kilichofuata kama alivyokiona miaka yote: chifu akampa ishara, akaonja, na wajumbe wakasogea mmoja mmoja na mirija yao. Pale Kingi, mtu asiyekubaliana na maneno yaliyosemwa anaushika mrija wake mkononi na kutazama mlangoni. Siku ile hakuna aliyetazama mlangoni. Wote saba walikunywa. Makuza alikunywa mpaka mrija ukapiga kelele kwenye kitako cha mtungi. Walirudi nyumbani wakiimba, na Nyirakamana akapanda mlima kwa furaha, akiwa na mtungi mtupu kichwani.

Siku ya pili yake, Alhamisi, alikwenda kuchukua kata ya kuchotea pombe aliyoisahau. Édouard alikuwa akiifunga ripoti kwa uzi.

"Pole, Mama," alisema. "Kilalo kimeanguka."

"Kimeanguka namna gani, na hakiyajengwa?"

"Baraza ilikataa. Wajumbe saba, hakuna hata mumoja alikubali. Iko humu."

"Édouard, uko mugonjwa? Wote walikunywa!"

"Kunywa hakuko kura."

"Makuza alikunywa mpaka chini! Muntu akikataa anaweza kunywa vile?"

"Mama, weye ndiyo unapika pombe. Sheria siyo pombe." Hakusema kwa dharau, alikuwa amechoka. "Niliuliza mara mbili. Nyote mulikuwa munaona."

"Hiyo karatasi inaenda lini?"

"Kesho mangaribi, na mujumbe wa posta."

Hakuichukua kata. Alishuka moja kwa moja hadi shamba la Mbonigaba, akamkuta amepinda juu ya jembe.

"Papa Mbonigaba, kwa nini mulikataa kilalo?"

Mzee alinyooka polepole. "Nani alikataa?"

"Nyinyi. Édouard ameandika."

"Kataa gani? Kinywa changu kiko na harufu ya pombe mpaka leo! Muke wangu alinifukuza kitandani kwa sababu ya kilalo!"

"Mbona hukunyosha mukono?"

Mbonigaba aliegemea jembe lake. Kwanza alisema hajaona heshima ya kuinua mkono juu ya kichwa cha chifu, kana kwamba unataka kumpiga. Halafu akasema jambo jingine, sasa kwa sauti ya chini.

"Mara ya mwisho niliona watu banainua mikono kwenye ule uwanja, Nyirakamana, ilikuwa na bwana yako. Kaka yangu alikuwa nyuma yake. Weye ungeinua?"

Nyirakamana alimwambia avae shati, wanakwenda kwa Makuza.

Makuza alikuwa zizini, na jibu lake lilifanana na la Mbonigaba, ila yeye alikuwa na hasira zaidi, maana aliona ameibiwa. "Miye? Miye nilikataa? Huyo sekretere iko na macho ao iko na mbegu za maboga?" Alisema aliposikia maneno "nyosha mukono" aliikalia mikono yake, na alipotazama upande akaona wenzake wote wameikalia yao. Wanaume saba, wenye wake na wajukuu, walikuwa wamezika kilalo kwa sababu ya askari aliyeondoka miaka kumi na minne iliyopita.

Kufikia jioni walikuwa mbele ya chifu, watatu. Chifu aliwasikiliza, akajikuna shingo.

"Nikiita baraza tena, Édouard atauliza tena mikono. Mutanyosha?"

Wazee wawili walitazamana.

"Kama ni lazima," alisema Mbonigaba, na kila mtu aliona kwamba hatanyoosha.

Nyirakamana alisema, "Chifu, nisamehe. Kwenye ile karatasi ya sheria kumeandikwa mukono?"

Édouard aliitwa. Alikuja na karatasi za maelekezo, akasoma huku kidole chake kikifuata mistari. Alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akarudi nyuma. Kidole chake kikasimama.

"Wanasema... kila mujumbe aonyeshe mapenzi yake waziwazi, na sekretere ahesabu."

"Na mukono?"

"Mukono... ile ni vile tulifanya kwenye masomo."

"Basi kesho ni pombe," alisema Nyirakamana. "Mwenye kukubali achomeke mulija wake aache umesimama. Mwenye kukataa aweke chini. Weye Édouard, milija unaweza kuhesabu?"

Chifu alicheka kwanza, kisha Makuza, na mwisho Édouard mwenyewe.

Tatizo lilikuwa pombe. Ile iliyokuwa tayari ilikuwa imenywewa, na mtama hauchachi kwa kuamriwa. Nyirakamana alizunguka nyumba tano kabla giza halijaingia, akiomba kilichobaki kwenye vibuyu vya wengine, akachanganya, akaionja, akakunja uso. Ilikuwa pombe mbaya kuliko zote alizowahi kuwapelekea wanaume. Asubuhi aliipeleka hivyohivyo.

Baraza lilikaa Ijumaa, jua likiwa bado upande wa Muheto. Édouard alilisoma swali upya kwa Kiswahili tupu. Chifu akampa ishara mwenye pombe. Nyirakamana alichomeka mrija wake, akavuta, akameza, akawatazama.

Mbonigaba alitangulia, akaonja, akakohoa. "Mama, hii inaua! Kilalo kijengwe haraka nikafie dispanseri!" Akauacha mrija umesimama. Wengine watano wakafuata mmoja mmoja.

Akabaki Makuza. Alikuja hadi kwenye mtungi na mrija mkononi, akasimama.

"Nina neno. Ng'ombe zangu zitapita juu ya kilalo, ao kilalo ni cha watu peke yao?"

Neno hili halikuwa limesemwa Jumatano, na kilalo chenye kubeba ng'ombe kinataka nguzo nene na mawe mengi zaidi. Nyirakamana aliutazama ule mrija mkononi mwake. Makuza alianza kugeuza kichwa kuelekea mlangoni.

"Makuza," alisema Mbonigaba, "ng'ombe zako zinakula maharage yangu kila mwaka. Zikipita kwenye kilalo, angalau nitajua zimetokea wapi."

"Nimeuliza chifu, sikukuuliza weye."

"Zitapita," alisema chifu. "Moja moja. Na wachungaji wako wabebe mawe ya nguzo, maana ndiyo ng'ombe zako zinaomba nguzo."

Makuza alifikiri kwa muda ambao Nyirakamana aliuona mrefu kama kiangazi. Kisha akachomeka mrija, akavuta kwa nguvu kama kawaida yake, na machozi yakamtoka kwa ukali wa ile pombe.

Édouard alisogea kuhesabu. Alihesabu, akahesabu tena.

"Iko nane," alisema. "Wajumbe ni saba. Nani amechomeka mara mbili?"

"Ile ni ya mwenye pombe," alisema chifu.

"Basi itoke. Siwezi kuandika nane."

Alinyoosha mkono kuutoa, na Mbonigaba akaupiga ule mkono kofi dogo. "Acha! Mulija wa mwenye pombe hautolewi. Ukitoka, nani atajua kama hatukukunywa sumu?"

"Mama Nyirakamana hako mujumbe!"

"Na bila yeye kuko baraza gani?" alisema Makuza, akijifuta macho. "Jumatano tulikaa na weye peke yako, tukaenda nyumbani bila kilalo."

Édouard aliandika ripoti mpya: wajumbe saba, wote saba wamekubali. Akatafakari, akachovya kalamu, akaongeza mstari mmoja chini: mpishi wa pombe naye amekubali. Ripoti hakumwachia mjumbe wa posta. Aliibeba mwenyewe kwenye baiskeli hadi Masisi, akafika magurudumu yakiwa na matope mpaka mhimili, akarudi Jumapili baada ya misa na barua yenye mhuri. Watu waliimba kuanzia kanisani hadi mtoni, na chifu, ambaye huwa haimbi, aliimba.

Walijenga mwezi wa kwanza na wa pili. Wachungaji walibeba mawe wakimtukana Makuza kwa nyimbo, naye akaitikia kibwagizo. Muheto walileta watu arobaini ingawa waliombwa ishirini. Nguzo ya upande wa Kingi ilianguka mara moja, wakaisimamisha upya, chini zaidi, kwenye mwamba.

Daphrose alishikwa na uchungu mchana, mwezi wa tatu, siku ya nne ya mvua. Mto ulikuwa umejaa, una rangi ya chai ya maziwa, na ulikuwa ukigonga mawe kwenye nguzo kwa mlio unaosikika hadi kanisani. Watu wanne walimleta kwenye ngobyi, kile kitanda cha kufumwa cha kubebea wagonjwa, na Makuza alikuwa mmoja wao, ameshika upande wa mbele kulia. Nyirakamana alikuwa amesimama ng'ambo ya Kingi. Hawakupunguza mwendo walipofika ukingoni. Miguu minane ilipiga mbao, maji yakirusha povu chini yao, na Daphrose akageuza kichwa, akamwona mama yake, akamlaani kwa sauti kubwa kwa kumzaa mwanamke.

"Vizuri!" alijibu mama yake, akikimbia pembeni ya kitanda. "Tukana! Tukana tu!"

Mtoto alizaliwa dispanseri kabla nguo za wabebaji hazijakauka. Alikuwa msichana, na safari hii hakuna aliyekuwa na shaka kama alilia. Muuguzi alifunga dirisha.

Mvua ilikuwa bado inanyesha Nyirakamana alipotoka. Mkwe wake alikuwa Muheto, amebaki kumlinda ng'ombe anayezaa, na alikuwa bado hajui kwamba mtoto amezaliwa. Kulikuwa na vijana wengi wa kutumwa. Alikataa kumtuma yeyote. Alijifunika jani la mgomba, akashuka mtoni, akavuka katikati ya kilalo bila kushika ubao wa pembeni, akipiga vigelegele peke yake kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na watu wa Muheto wakaanza kutoka nyumbani mwao kuitikia.