Simu ya Kufunga Pindoni

Muuza simu wa Mbinga alinidharau mchana kweupe. Nilikuwa natoka kazini, vumbi la chaki bado limeganda kwenye mkono wa gauni, nimesimama mbele ya kabati lake la vioo, na nilikuwa nimeshamwambia zaidi ya mara moja kwamba nataka ile simu ndogo ya pembeni kabisa, na nazitaka mbili. Yeye akaendelea kunisogezea jisimu pana lenye macho ya kamera yaliyojazana mgongoni.

"Madamu, hii ndiyo ya hadhi yako," akasema. "Hizo ndogo wananunua wanafunzi wakimaliza shule."

"Hadhi yangu nimeiacha nyumbani. Nipe hizo mbili."

"Utarudi, madamu. Wote wanarudi."

Sikurudi. Na si kwamba niliishiwa. Mume wangu ni Mmatengo wa Litembo, kahawa ya shambani kwetu ilikuwa imetulipa msimu ule, na mshahara wangu haukuwa na makato ya kutisha. Ningetaka jisimu lile ningelibeba. Niliichagua ndogo kwa akili zangu timamu, na mpaka leo linanikera kwamba jambo jepesi hivyo nimelazimika kulieleza kwa watu kana kwamba nimeiba.

Mama yangu anaishi Chiwanda, chini kule ziwani, peke yake tangu baba afariki. Ana presha. Ana mihogo yake, ana uchanja wake wa kuanikia usipa, vile vidagaa vya ziwani, na vidole vyake vimekakamaa kwa miaka mingi ya kazi hizo mbili. Kitu kipana hakikai mkononi mwake. Isitoshe, mama hana mkoba wala mfuko. Kila kilicho cha thamani hukifunga kwenye pindo la kanga na kukichomeka kiunoni. Nilipoishika ile simu ndogo pale dukani nilijaribu kwanza kuifunga kwenye ncha ya mtandio wangu, muuzaji akinitazama kama mgonjwa. Ikafungika.

Nilinunua mbili zinazofanana kwa sababu nilijua kitakachotokea. Mama angekwama, angenipigia, na mimi ningekuwa Mbinga nikijaribu kukisia anaona nini. Sasa akikwama mimi ningetazama yangu. Nikazipanga zote mbili sawasawa, kila alama mahali pake, hata picha ya nyuma nikaweka ileile. Tangu siku hiyo sikuhamisha chochote kwenye simu yangu. Wenzangu walikuwa wakiremba simu zao kwa maua na picha za ndoa, mimi yangu ilibaki kama ya mama.

Ofisini kwetu shuleni waliniandama. "Madamu, hicho kiberiti kina njiti?" mmoja alikuwa akiniuliza kila asubuhi, na kila asubuhi alicheka mwenyewe. Mwingine alinong'ona kwamba lazima kuna mkopo umenibana. Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, mama mzito mwenye huruma nyingi kuliko inayohitajika, alinivuta pembeni baada ya sala akauliza kama nyumbani kuna amani. Nikamwambia kuna amani. Akanishika mkono, akasema wataniombea hata hivyo. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, mume wangu akacheka mpaka chai ikampalia.

Lakini mpango wangu ulifanya kazi, na hilo ndilo lililonipa jeuri ya kuwavumilia.

"Mama, tazama chini kabisa. Kuna kiduara cha kijani."

"Nakiona. Kina simu ndani yake."

"Hichohicho. Bonyeza. Sasa bonyeza kile kikamera juu."

"Nimebonyeza. Mh! Kumbe nimezeeka hivi na hamniambii?"

Baada ya hapo akawa ananipigia mwenyewe. Jioni jioni simu yangu inalia, kioo kinajaa nusu ya uso wake na kipande cha paa la bati, naye ananieleza usipa umepatikana au haukupatikana, ngedere wamemfanya nini shambani, padri wao amehubiri nini mpaka watu wakasinzia. Kuna asubuhi moja alinipigia sauti imelegea, akasema dunia inazunguka. Nikampigia dereva wa bodaboda wa palepale kijijini, akambeba hadi zahanati, na mchana mama alikuwa amekaa kitandani anawagombeza manesi. Kama asingeijua ile alama ya kijani, sijui habari zake ningezipata kwa nani, na zingekuwa habari gani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kile kiberiti.

Kisha kaka yangu akaja likizo.

Kaka yetu ni mtu mkubwa Dodoma. Sisemi kwa kejeli, ni mtu mkubwa kweli, na mama alimsomesha kwa usipa huohuo. Tatizo lake ni kwamba hapigi simu. Anaweza kukaa miezi, halafu akatokea na gari limejaa vitu: magodoro, ndoo za rangi, tanki la maji. Safari ile alitokea na simu. Ilikuwa ndugu wa lile jisimu nililolikataa, tena kubwa zaidi. Akaikuta ndogo kiunoni mwa mama, akaifungua pindoni kwa vidole viwili.

"Mama wa mtu kama mimi anashika kitu hiki?" Ndivyo alivyosema, mama mwenyewe ndiye aliyenisimulia, tena kwa fahari.

Akahamisha laini ya mama akaiweka kwenye simu mpya. Ile ndogo akaondoka nayo, ampelekee mwanawe achezee magemu. Simu ya mama yangu, niliyoipanga alama kwa alama, ikaenda Dodoma kuwa mwanasesere.

Mimi hayo yote sikuyajua wakati ule. Nilichokijua ni yule dada wa mtandaoni mwenye sauti ya upole: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Nilipiga jioni, haipatikani. Nikapiga asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, haipatikani. Nikampigia kaka.

"Nimemletea simu ya maana," akasema. "Mpe muda, atazoea."

"Mbona haipatikani?"

"Mtandao wa kwenu huko, mimi nifanyeje?"

Kwenu huko! Kana kwamba yeye alizaliwa Bungeni. Akanitumia picha: mama amesimama mlangoni, ameishika ile simu kwa mikono miwili kama sahani ya sadaka, na anatabasamu. Niliitazama ile picha nikasikia hasira inanipanda mpaka masikioni. Nikaanza kumpigia jirani yake mama, ambaye mwanzoni aliniitikia vizuri, "Yupo, mwalimu, mzima, nimemwona kisimani," na baadaye akawa anaiacha simu iite hadi ikate. Simlaumu. Na yeye ana maisha yake.

Shule zilipofungwa kidogo katikati ya muhula nikapanda gari la Mbamba Bay, nikashuka na kona zote zile za milimani huku nikipanga maneno. Kutoka Mbamba Bay nikachukua bodaboda. Nilipofika Chiwanda nilikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na hotuba yangu ilikuwa tayari.

Mama alikuwa kwenye uchanja, anageuza usipa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Mbona hukusema unakuja?"

Mtu mzima mwenye akili zake ananiuliza mbona sikusema. Nikaweka mfuko chini.

"Nisemee wapi, mama? Simu iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

Akanawa mikono, akaifuta, akaingia ndani. Nikasikia kufuli la sanduku. Akatoa kitenge kipya ambacho hajawahi kukivaa, akatoa taulo, na ndani ya taulo akatoa boksi. Ndani ya boksi mlikuwa na simu, imezimwa, na ile nailoni ya kiwandani bado imebanduliwa nusu tu kwenye kioo.

Hotuba yote niliyoipanga ikanitoka kwa mkupuo mmoja, tena bila mpangilio. Nilimwambia simu si sahani za wageni. Nilimwambia angeanguka na presha humu ndani na sisi tungeambiwa na harufu. Lilikuwa neno baya, nikaliona linavyomgusa, lakini nilikuwa nimeshachoka. Nikamwambia nimempigia mpaka kidole kimeota sugu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafuta boksi kwa kanga.

"Kitu kizuri hiki, nikishike na mikono ya usipa? Na kiunoni hakikai, nimejaribu, kinaanguka. Naiwasha Jumapili."

"Kwa nini Jumapili?"

"Kaka yako alisema atanipigia Jumapili, kwa picha, niwaone na wajukuu. Hizi siku nyingine naizima isichakae, na chaji isiishe."

"Ameshapiga?"

"Bado. Kazi zake nyingi."

Nikahesabu kichwani tangu likizo yake, nikaacha kuhesabu. Nikatoa simu yangu ndogo, nikamwekea kwenye kiganja. "Chukua hii. Mimi nitanunua nyingine. Hiyo kubwa ibaki sandukuni kwa ajili ya kaka, hii ifunge pindoni kama zamani."

Aliipima mkononi. Kidole gumba chake kikaenda chenyewe kwenye alama ya kijani, bila kubonyeza. Nilidhani nimeshinda. Kisha akanirudishia.

"Akija akanikuta na hii, atajua yake nimeitupa."

"Mama, mimi ndiye ninayekupigia. Kila siku."

"Najua, mwanangu. Wewe unapiga, na usiponipata unapanda gari unakuja. Si umekuja? Yeye nisipoitunza simu yake, nitamshika wapi?"

Nilikuwa na la kujibu. Nilikuwa na mengi. Nikaenda kugeuza usipa ambao ulikuwa umeshageuzwa.

Jumapili tulikwenda kanisani, tukarudi, tukala ugali wa muhogo kwa samaki mbasa wa kuchemsha. Kisha mama akaoga mara ya pili. Akavaa kile kitenge kipya cha sandukuni, akafunga kilemba, akajipaka mafuta usoni. Akaketi kwenye kiti barazani, akaiwasha ile simu, akaiegemeza kwenye chupa ya chai juu ya stuli, akairekebisha mpaka akajiona kwenye kioo cheusi. Nilitambua kwamba hivi ndivyo anavyofanya kila Jumapili nikiwa Mbinga nafua nguo.

Nikasema naenda chooni, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikampigia kaka. Nyuma yake kulikuwa na muziki na vicheko.

"Kaka, mpigie mama. Sasa hivi. Amekaa anakusubiri."

"Niko kwenye kikao cha harusi, mdogo wangu. Kwani ile simu niliyomnunulia haifanyi kazi?"

"Inafanya kazi vizuri sana. Haijawahi kulia tu."

"Usianze. Leo haiwezekani. Mwambie Jumapili ijayo, bila kukosa."

Akakata. Nikabaki nimeutazama ukuta wa matofali, natamani kurusha kitu, na kitu pekee nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa simu yangu. Nikajifuta uso kwa mtandio, nikarudi barazani. Mama hakuwa amesogea. Jioni ilikuwa bado mbali, na kilemba chake kilikuwa kimenyooka vilevile.

"Ulikuwa unaongea na nani huko nyuma?"

"Mwalimu mwenzangu."

Akatikisa kichwa taratibu, macho kwenye stuli.

"Hebu izime hiyo yako kwanza, mwanangu. Mtandao wa huku ni mdogo, tunagombania na Msumbiji. Wewe ukiushika, yeye anaweza akawa anapiga huko akakosa pa kupitia."

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Ningeweza kumweleza, kwa mifano, kwamba mtandao si bomba moja la maji. Ningeweza pia kumwambia nilichoambiwa nyuma ya nyumba. Nikabonyeza pembeni mwa simu yangu mpaka ikazimika, nikavuta mkeka, nikakaa karibu na kiti chake tusubiri wote.