Hesabu Mbili za Gobore

Kibanda changu cha ulinzi, getini hapa Tunduma, ni cha bati, na malori yanayosubiri kuvuka mpaka huegeshwa karibu nacho mno, hata mlango hufunguka nusu. Naingia ubavuubavu. Miaka mitatu natazama maturubai na kuvuta moshi wa dizeli, na kibanda kimenichosha roho.

Kwa hiyo kampuni yetu ya ulinzi ilipotangaza mashindano ya shabaha, na kwamba mshindi angekuwa mkufunzi kwenye kiwanja chake cha mazoezi nje ya Mlowo, nilijiambia sasa natoka.

Kulenga nilifundishwa na baba, kwetu Ibaba, kwa gobore lake la kufukuzia ngedere shambani. Kule ukungu ni wa kila siku na baruti hushika unyevu: fataki ya kuwashia baruti inalia kwanza, risasi inatoka ikijisikia. Asiyejua huvuta, akisikia kimya anashusha mtutu achungulie, na hapo ndipo linapolipuka. Baba alinizaba kofi mara moja tu kwa kosa hilo.

"Ukishavuta, tulia," alisema. "Hesabu mbili ndipo usogee."

Raundi ya kwanza ilikuwa ya shabaha ya karatasi, risasi kumi, bila haraka. Mchezo huo hufundisha pumzi na subira. Wenzangu, wanaume wenye mabega yao, kila baada ya mlio waliinua kichwa kutazama walipopiga. Mimi nilitulia, nikahesabu. Matundu yangu yote yangefunikwa na kiganja kimoja. Nilishajiona Mlowo, nimepanga na chumba.

Raundi ya pili ilikuwa mabamba matano ya chuma, ya kuangushwa kwa sekunde chache. Huo hufundisha kuachilia: bamba likishapigwa si lako tena, jicho litangulie kwa jingine. Kichwani nilijua. Mwili ukagoma. Nikapiga, moja, mbili. Nikapiga, moja, mbili. Filimbi ikalia mabamba mawili bado yamesimama.

Niliomba nirudie. Afande aliyesimamia mashindano akatikisa kichwa.

"Dada, mkono wako umetulia kweli," akasema. "Mtu kama wewe simtoi getini, ng'o."

"Sawa, Afande," nilijibu kwa hasira.

Kesho yake nikaingia kibandani ubavuubavu. Simu ikaita, baba.

"Ulihesabu mbili?"

"Nilihesabu, baba."

"Basi umeshinda, mwanangu," akasema, akaanza kumsimulia mama. Nilikaa na simu sikioni, goti limegusa bati, nikamwacha aendelee.