Mtaa Wetu Ulivyofaulu Dodoso

Kazi yangu ni kufua na kupiga pasi makoti meupe ya wanafunzi wa udaktari. Chuo kikuu kiko upande ule wa ukuta, sisi tuko upande huu, na katikati kuna geti dogo ambalo mlinzi wake ananijua kwa beseni kuliko kwa sura. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikafeli kwa utulivu, nikaolewa na mkata nyasi wa chuo hichohicho. Kwa hesabu za nyumbani kwetu, basi, tuko wawili chuo kikuu: yeye kwenye majani, mimi kwenye kola.

Kila mwaka mvua zikikatika, wanafunzi hupita mtaani na madodoso, yale makaratasi yao ya maswali. Unachemsha maji ya kunywa? Mtoto ameharisha mara ngapi? Choo chenu kina mfuniko? Wasipouliza hawamalizi masomo.

Mara ya kwanza binti yangu alikuwa na miezi minne. Akaja msichana mwembamba, jua la saa saba, viatu vimemchubua visigino.

"Mama, unachemsha maji ya kunywa?"

Ukweli ni kwamba tunayachemsha pale mkaa unapokuwepo, na mkaa huwa haupo. Lakini nilimtazama alivyochoka, nikaona nikisema hapana nitamwongezea maumivu bure.

"Kila siku," nikasema. "Yakianza kutokota nayaacha dakika kumi."

"Vizuri sana, mama!"

Jamani, miaka saba niliyokaa kwenye dawati hakuna aliyewahi kuniambia vizuri sana. Pongezi kubwa niliyopata ni ya mwalimu wa hesabu: "Angalau jina lako umeliandika sawa." Nikanogewa. Alipofika kwenye choo nilikuwa nimeshakipa mfuniko, sabuni na ndoo yake.

Mwaka uliofuata nilikuta dodoso zima kwenye mfuko wa koti nililoletewa kufua, kurasa sita, halijajazwa. Nililisoma lote huku pasi ikipata moto. Mtu mwenye akili angelirudisha. Mimi pia nililirudisha, ila baada ya kuwaita wifi yangu na jirani yetu Mama Pacha tukae chini turudie somo.

"Nikiulizwa kuharisha?" wifi akauliza.

"Sema hakuna."

"Na huyu wangu anayekimbilia chooni tangu juzi?"

"Mpeleke nyuma ya nyumba mpaka waondoke."

"Haya, Profesa."

Jina likanikaa. Wanafunzi walipokuja, nyumba zetu zote zilijibu kama kwaya. Mama Pacha alizidisha, akasema ananawa mikono kabla na baada ya kulala. Wakaandika hivyohivyo. Kila msimu wa madodoso ukikaribia, akina mama walikuwa wanakuja kwangu kupigwa msasa, nami nilikaa kwenye kigoda kama mtu aliyetunukiwa kitu.

Mvua za mwaka huu binti yangu, ambaye sasa ana miaka mitatu, aliharisha mara nne. Hospitali iko mwendo wa saa mbili kwa mguu. Safari ya mwisho alikuwa mwepesi mgongoni mpaka nikawa napeleka mkono nyuma kila hatua chache, kuhakikisha bado yumo kwenye kanga.

Ndipo mume wangu akaja na habari. Wahitimu wa zamani wa chuo wamechanga wafungue kliniki ya watoto, madaktari wawe wanakuja kila Jumamosi. Ni mtaa mmoja tu utakaopata, wetu au ule wa ng'ambo ya mto. Mitaa yote miwili imeitwa ukumbi wa chuo kusikia.

Tulikwenda tukaujaza, sisi upande mmoja, watu wa ng'ambo upande wa pili. Binti nilimpakata, ana joto tena. Mhadhiri akaangaza ukutani picha yenye mistari ya rangi.

"Mtaa huu wa karibu yetu ni wa kupigiwa mfano," akasema. "Asilimia tisini na sita wanachemsha maji. Watoto kuharisha, karibu hakuna. Kwa hiyo tunapendekeza kliniki iende ng'ambo."

Wifi akanifinya paja. "Hongera, Profesa. Tumefaulu wote."

Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini mtoto alikuwa anapumua shingoni kwangu, pumzi ya moto, na nikajua nikinyamaza nitaendelea kuitembea ile njia mpaka siku nitakayopeleka mkono nyuma nikute hapumui tena. Nikasimama.

"Samahani, mwalimu. Hiyo asilimia ni mimi."

Watu wakacheka.

"Una maana gani, mama?"

"Nilidanganya. Na hawa wengine niliwafundisha kudanganya. Maswali niliyakuta kwenye mfuko wa koti."

Kicheko kikafa. Wanafunzi wote wenye makoti meupe wakaanza kujipapasa mifuko. Kwenye meza ya wahitimu akainuka mwanamke mwembamba, daktari sasa. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo.

"Na mimi ulinidanganya?"

"Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza, dada. Ulikuwa umechoka mno."

"Nilipata alama za juu kwa majibu yako!"

"Hata mimi nilijisikia nimezipata."

Alishuka akaja mpaka nilipo. Akamfinya mtoto ngozi ya tumbo taratibu, akaangalia inavyochelewa kurudi kwa kuishiwa maji mwilini, akaagiza maji ya chumvi na sukari yaletwe palepale. Kisha akamgeukia mhadhiri. "Profesa, hiyo picha izime."

Mzee mmoja wa ng'ambo akasimama. "Na sisi tuliosema kweli tangu mwanzo? Tunyang'anywe kwa sababu huyu leo ameamua kutubu?"

Kwa mara ya kwanza sikutunga jibu. Nilisema tu, "Mzee, hata ningekuwa wewe ningekasirika."

Walibishana mpaka mume wangu akaanza kusinzia. Mwisho wahitimu wakakubaliana: mahojiano yarudiwe, na mimi nisihojiwe wala nisionekane karibu na nyumba inayohojiwa. Wiki mbili nilipiga pasi nimefungiwa ndani kama mgonjwa wa ukoma. Matokeo yalipotoka, maji ya kuchemsha yalishuka mpaka asilimia thelathini na moja, na kwa kuharisha tuliwapita hata ng'ambo. Kliniki ikagawanywa: Jumamosi moja kwao, Jumamosi inayofuata kwetu.

Siku yetu ya kwanza niliwahi mapema. Haikunisaidia.

"We Profesa, panga nyuma," Mama Pacha akaniambia. "Kwako si kila kitu kinachemshwa?"

Nikawa wa ishirini na nane. Zamu yangu ilipofika, yule daktari mwembamba alimning'iniza binti kwenye mzani, akasoma, akakaza midomo.

"Uzito uko chini, mama. Chini sana. Anakula mara ngapi kwa siku?"

Nyuma yangu foleni nzima ilisogea karibu kusikiliza.

"Mbili," nikasema. "Siku nyingine moja. Andika hivyohivyo."

Akaandika. Kisha akanigombeza mbele ya mtaa wote, robo saa nzima, kuanzia uji mpaka kisima, nami nikasimama pale namshikia mtoto mguu, naitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, mpaka akamaliza na kunipa tarehe ya kurudi.